Kwenye Valve Kulikuwa na Kavira Watatu

Ninyi munaoingia iniversite mwaka huu, ninawajua tayari. Mutakuja siku ya kwanza na shati iliyopigwa pasi mpaka inakata, na mutapita mbele ya mama anayefagia bila kumusalimia. Sikasiriki. Mutu mwenye ufagio ni kama mulango: kila mutu anaupita, hakuna anayeuuliza habari. Miaka makumi mbili na sita niliosha oditware, vile vyumba vikubwa munamofundishiwa, kwenye chuo kimoja hapa Goma. Sasa nimepumzika, magoti yalikataa. Nina muda wa kuwaambia mambo ambayo maprofesere hawatawaambia, maana wao wanawaona munapoingia tu. Mimi niliona munachoacha.

Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primere, kule karibu na Butembo. Kisha baba akasema inatosha, maharagwe hayasomwi, yanalimwa. Kwa hiyo musinitafutie Kifaransa kizuri hapa.

Kazi alinifundisha Mama Zawadi, Mushi wa upande wa Bukavu, mwanamuke mufupi mwenye mudomo mukali. Siku ya kwanza nilikamata ufagio nikafagia kama mutu anayefukuza mbuzi. Vumbi likapanda mpaka juu. Akasimama mulangoni, mukono kiunoni.

"Weye Munande, unafagia ao unapika moshi?"

Vumbi la Goma si kama la watu wengine. Ni jiwe la volkano lililosagika. Ukilipiga linapanda, linakunyima pumzi, kisha linarudi kukaa pale pale. Akanionyesha: chovya vidole ndani ya ndoo, nyunyiza kidogo kama padri anavyonyunyiza maji ya baraka, ngoja, ndipo ufagie polepole ukivutia kwako. Maji mengi yanafanya matope, maji kidogo sana hayafanyi kitu. "Kazi yote iko mu kungoja," akasema. Padri wetu hajui kwamba akininyunyizia maji siku ya Pasaka, mimi ninafikiria oditware namba tatu.

Ubao pia alinifundisha: kitambaa kikavu kwanza, chenye maji baadaye, la sivyo chaki inakuwa uji. Mwezi wangu wa pili nikafuta ubao muzima uliojaa hesabu za profesere mumoja. Pembeni alikuwa ameandika kwamba usifutwe. Herufi nilizijua, lakini ninazisoma kama mutu anayechambua muchele, moja moja, na asubuhi ile nilikuwa na haraka. Akaja, akatazama ubao unavyong'aa.

"Mama, ile hesabu ilinichukua siku tatu."

"Papa," nikamujibu, "ubao ulikuwa muchafu sana."

Wanafunzi walicheka mpaka mumoja akaanguka toka kwenye benchi. Tangu siku hiyo yule profesere, akitaka ubao ubakie, alikuwa anachora musalaba mukubwa pembeni, kwa ajili yangu. Mwingine angenifukuza. Yeye alibadilisha alama. Siku hizi watoto wa usafi wana fagio za mupira zenye mikono mirefu na ubao ni mweupe, unafutwa kama sahani. Hawainami. Wivu ninao, sifichi.

Sasa tuongee uchafu, maana ndiyo silabusi yangu. Mwezi wa kwanza, uchafu wa mwaka wa kwanza wote uko mbele: maganda ya karanga, vifuniko vya bic, karatasi za bombo, zile pipi. Kila mutu anataka kukaa karibu na profesere. Kisha inakuja entero ya kwanza, ule mutihani mudogo wa kupima, na kopi, karatasi za majibu, zinarudishwa. Wiki inayofuata, uchafu umehamia nyuma. Nilijua matokeo kabla ya sekretere, kwa kufagia tu.

Na karatasi! Mwanafunzi wa miaka ya juu akipata pwe mbaya, ndiyo alama, anakunja kopi anajipepea nayo. Wa mwaka wa kwanza anaipasua vipande vidogo kama sombe, majani ya muhogo. Saba juu ya makumi mbili. Tano. Ine. Na hao ni watoto waliokuwa wa kwanza kwenye shule zao, waliomwagiwa pudre siku ya diplome mpaka nyusi zikawa nyeupe. Munajua desturi yetu: aliyepita anamwagiwa pudre ya watoto kichwani, hadharani, dunia yote ijue. Aliyeanguka hamwagiwi kitu. Anapita pembeni ya ukuta.

Nilikuwa ninaokota vile vipande, ninatia ndani ya mufuko, ninachoma, ninanyamaza. Niliona ni kazi yangu kunyamaza. Mpaka siku nilipookota mwandiko wa nyumbani kwangu.

Kavira ni mujukuu wangu. Binti yangu aliolewa Rutshuru, na mume wangu alipokufa alinipa huyu mutoto, akiwa na miaka sita, ili nyumba isikae kimya. Kwetu tunafanya vile: mwanamuke muzee haachwi peke yake, anapewa mujukuu wa kutuma maji na wa kugombeza. Tuliishi wawili mutaani Ndosho, hapa Goma, miaka kumi na mbili. Ananiita Mukaka, ndiyo nyanya kwa Kinande. Kwa masere, shule ya watawa, alikuwa wa kwanza kila mwaka. Diplome alipata pursa sabini na ine juu ya mia, na mutaa wote ulijua, kwa sababu niliwaambia mimi.

Alipoingia iniversite kusoma sheria, kwenye chuo kile kile nilichofagia, aliniambia asubuhi ya kwanza, akifunga viatu, bila kuniangalia:

"Mukaka, kule usiniite mbele ya batu."

"Nisikuite namna gani?"

"Usiniite tu. Utanikuta nyumbani."

Nikasema sawa. Ninyi hamujui neno sawa la mwanamuke muzee lina uzito gani. Miezi yote ile tulitoka nyumbani pamoja, na karibu na geti alikuwa anatangulia hatua makumi tano. Nikimukuta kwenye korido, macho yake yananipita. Nilisugua benchi aliyokalia. Ilikuwa bado na joto.

Kisha zikaja entero. Nyuma kabisa ya oditware nikaokota vipande, na K yake ninaijua, ina mukia kama wa mujusi. Nilivipeleka nyumbani, nikavibandika kwa bugali. Sita juu ya makumi mbili. Nikaweka mezani.

"Hii ni nini?"

"Ni ya mutu mwingine, Mukaka."

"Mutu mwingine mwenye K yako?"

"Kuna ba Kavira wengi kule."

Hiyo ilikuwa kweli. Sisi Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ina Kavira wake, ukiita mumoja sokoni wanageuka saba. Nikajifanya kuamini. Afazali niseme wazi: nilitaka kuamini. Nilikuwa nimejivuna sana mutaani, sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Mwisho wa mwaka orodha zikatoka. Siku hizi wanazipiga picha, zinatembea kwenye simu, lakini wakati ule zilibandikwa kwenye ule ubao wa matangazo munaouita valve. Nilikuwa pale na ndoo yangu aparitere, karani wa matangazo, alipokuja na gundi. Nikasubiri aondoke, nikainua uso. Karatasi ya kwanza, ya waliopita vizuri. Nikatembeza kidole. Herufi moja, herufi moja. K, A, V, I, R, A.

Sikusoma zaidi. Macho yalijaa maji. Nikaacha ndoo pale pale, nikatoka mbio kununua pudre.

Aliingia getini na wenzake, akitembea polepole. Mimi nikatoka kwa nyuma ya muti na blauzi yangu ya buluu ya kazi, nikapiga kigelegele, nikammwagia kopo nzima. Kichwani, mabegani, mugongoni.

"Mujukuu wangu! Kavira wangu!"

"Mukaka, acha! Mukaka, hapana, hapana!"

Nilifikiri ni haya ya furaha. Kijana mumoja mwenye kofia akakimbia kwenye valve, akarudi akicheka mpaka anashika tumbo. "Mama, wa distinksio ni Kavira mwingine! Ni ule mwenye lineti machoni! Wako watatu! Huyu wako iko ku karatasi ya pili, ya sesio ya pili!" Na mwingine akapiga kelele: "Wamemupaka pudre ya kuanguka!"

Uwanja wetu ni mawe meusi. Yeye alisimama katikati mweupe kama muhogo uliomenywa, na machozi yakachora mistari miwili. Hakunitukana. Aligeuka akaenda. Mimi nilibakia na kopo mukononi, kisha nikachukua ufagio, maana pudre ile ilikuwa kazi yangu pia kuifagia.

Nilipofika nyumbani, begi lake halikuwepo. Alikuwa amekwenda Rutshuru kwa mama yake. Simu imezimwa.

Kama ulijifunza kupika kwa watu wawili, mukono haujui kupunguza. Kila siku nilipika bugali ya wawili, nikala nusu, nusu nikaitazama. Radio niliiacha inaongea mambo ya nchi za mbali. Jirani yangu Mama Furaha akachungulia kwenye ua.

"Kavira amepumzika?"

"Eeh, amepumzika."

"Alipita?"

"Alipita."

Mimi niliyemuuliza juu ya uongo wake wa kopi. Usiku na muchana vilikuwa na urefu mumoja. Sesio ya pili, mitihani ya kurudilia, ilikuwa inakaribia, na asiyeandika sesio ya pili mwaka wake unakufa. Binti yangu akanipigia simu: "Mama, umwache. Hataki kusikia. Anasema atalima, ataolewa." Alisema bila uchungu, kama mutu anayetangaza mvua.

Siku ya tatu baada ya hapo nilibisha kwenye biro ya asista, musaidizi wa profesere, aliyesahihisha kopi za sheria. Kijana mwembamba, kila asubuhi nilikuwa ninamusogezea kiti chake. Nikamwambia: nionyeshe kopi ya mutoto wangu.

"Mama, kopi ni ya mwenyewe. Siwezi. Yeye aje." Akavua lineti. "Kila mwaka ninatenga siku mbili za kuonyesha kopi. Unajua wanakuja wangapi? Wawili, watatu. Wengine wanalia kwenye korido, wanasema profesere ana chuki. Kuja kuangalia walikoanguka, hapana."

"Basi nisomee swali."

Akafikiri, kisha akanisomea kwa Kiswahili: mutu amejenga nyumba ya mabati kwenye kiwanja cha jirani, akifikiri ni kiwanja chake. Jirani anarudi toka safari. Nyumba ni ya nani, na kwa sababu gani?

Nikamwambia: mutaani Birere hiyo inatokea kila wiki. Nyumba inafuata ardhi. Lakini kama yule mujengaji hakujua, jasho lake lisipotee, wakae wasikilizane. Asista akacheka kwa sauti.

"Mama, uko na pwe nyingi kuliko nusu ya oditware."

"Na Kavira aliandika nini?"

"Sikuambii alichoandika. Ninakuambia wanachoandika wote wa mwaka wa kwanza. Wanamwaga silabusi yote, kurasa tatu, koma kwa koma. Mwenye nyumba hawamutaji."

Nikaenda Rutshuru. Nilimukuta Kavira kwenye shamba la maharagwe, jembe mukononi, kitambaa kichwani kama mwanamuke aliyezaa mara tano. Aliponiona hakukimbia. Aliendelea kulima.

"Sikuja kukubeba," nikamwambia. "Nilikuja kuomba musamaha. Nilikutia haya mbele ya watu."

"Ungesoma jina lote, Mukaka."

"Ningesoma. Na wewe ungeniambia."

Jembe likapiga mara mbili, tatu. Kisha akaanza kuongea, akiongea na udongo, si na mimi.

"Kwa masere nilikuwa wa kwanza miaka sita. Kule ninasoma mara mbili zaidi. Ninatia yote mu kichwa, koma kwa koma. Ninaandika yote. Bananipa sita. Wale wengine banaongea Kifaransa kama maji, banajuana, banakaa pamoja. Mimi ninakaa nyuma. Kama sikuwa na akili, mungeniambia mapema."

Hapo ndipo nilijua kwamba miezi yote aliyonipita kwenye korido, alikuwa peke yake kuliko mimi. Mimi nilikuwa na ndoo, nilikuwa na Mama Zawadi. Yeye alikuwa na silabusi tu. Nikakaa kwenye jiwe.

"Mutu amejenga nyumba kwenye kiwanja cha jirani akifikiri ni chake. Nyumba ni ya nani?"

Akasimama. "Nani alikuambia swali hilo?"

"Nijibu."

"Haki ya mali ni haki ambayo..."

"Sikukuuliza haki ni nini. Nyumba ni ya nani?"

"Ngoja, Mukaka, inaanza kwa definisio. Haki ya mali..."

"Jirani anasimama mulangoni na panga, wewe unamupa definisio! Nyumba ni ya nani?"

Kisha akatupa jembe. Akasema ni ya mwenye kiwanja. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza sababu. Nikamwambia na yule mujengaji je, alale inje na watoto? Akakasirika, akaniambia sijui sheria, kuna anayejenga kwa nia nzuri na kuna mwizi, hao hawahukumiwi sawa, akanionyesha kwa mukono, huku ni kiwanja, huku ni ukuta. Tuligombana mustari muzima wa maharagwe, kwenda na kurudi, mpaka mama yake akaja mbio toka nyumbani.

"Munagombania nyumba ya nani?"

"Hata sisi hatujui," nikamujibu. Kavira akacheka. Kicheko kifupi, cha mutu aliyesahau namna ya kucheka, lakini nilikisikia.

Jumatatu alirudi Goma na mimi. Alikwenda kuangalia kopi zake. Hakuniruhusu kuingia, nilimungoja inje nikisugua dirisha ambalo lilikuwa safi. Alitoka uso umevimba na karatasi moja ameandika makosa yake yote, kosa kwa kosa. Baada ya hapo alikuja na mimi saa kumi na mbili asubuhi, oditware ikiwa tupu, anachukua chaki anaandika swali ubaoni, anajibu kwa sauti kwenye viti vitupu. Mimi nafagia. Nisipoelewa, ninasema sielewi. Akishindwa kunieleweshea mimi, basi hajaelewa yeye. Hiyo ndiyo dawa pekee ninayoijua, na sikuitoa kwa kichwa changu, niliiona kwa macho: ueleze jambo kwa mutu asiyesoma. Kama hauna nyanya, tafuta sentineli, mulinzi wa geti.

Wiki ya pili wakaanza kuja wengine wa sesio ya pili. Hata yule kijana wa kofia, naye alikuwa ameanguka, kumbe ndiyo maana alicheka sana. Siku moja nilikuwa ninasogea na kitambaa changu kati ya benchi, akanitazama, akamuuliza Kavira kwa sauti ndogo:

"Huyu mama wa pudre, kweli iko wa kwenu?"

Niliinama zaidi. Nilisugua pale pale.

"Ni Mukaka wangu," akasema, wote wasikie. "Inueni miguu, apite."

Wakainua miguu, benchi nzima, kama kuku kwenye matope. Nikapita.

Sesio ya pili alipata kumi na mbili kwenye ile kozi ya nyumba na viwanja. Kozi moja ilimushinda, akaibeba mwaka wa pili. Hakuwa tena wa kwanza, na hajawa wa kwanza tangu wakati ule. Ananiambia hata hataki. Alipata wenzake wa kusoma nao, wanagombana juu ya viwanja na mirathi mpaka sauti inakauka. Mwaka wa pili wakakodi chumba pamoja karibu na chuo, kwa sababu toka Ndosho ni mbali. Aliniomba ruhusa. Nikasema sawa.

Ile ilikuwa hesabu ambayo sikuifanya kule shambani. Mutoto anayeshindwa anarudi nyumbani. Anayepita anaondoka. Mimi nilimuvuta kwa mukono wangu mwenyewe akapita. Sijutii, lakini nisiwadanganye kwamba haiumi. Anakuja Jumapili moja, Jumapili mbili haji. Ana mitihani, ana wenzake, ninajua. Nilianza kupima unga wa mutu mumoja.

Magoti yalipokataa nilirudisha funguo. Sasa ninaamka saa kumi na moja kama zamani, ninanyunyiza maji, ninangoja, ninafagia. Saa moja nimemaliza. Hakuna ganda la karanga chini ya kiti, hakuna kifuniko cha bic. Nyumba ni safi toka asubuhi mpaka jioni, na kesho yake ninaikuta safi vile vile.

Kwa hiyo wewe uliyepata sita leo, unayezunguka inje unaogopa kufika kwenu na hiyo kopi: usiipasue. Nenda kwenu. Na kama kwenu ni mbali, Ndosho ulizia mama aliyekuwa anafagia chuo, watakuonyesha. Mulangoni usivue viatu. Ingia na matope yako.